Bagamoyo, simulizi la bandari kuu ya watumwa

Ni imani iliyoenea kwamba Bagamoyo, mji wa kale kaskazini mwa Dar es Salaam, ulikuwa bandari kuu ya kuwavusha watumwa kwenda Zanzibar katika karne ya 19. Ushahidi wa wakati ule unaiunga mkono kwa sehemu tu.

Ushahidi. Utumwa ulikuwapo Bagamoyo. Watumwa walipitishwa hapo, wengine walitumikishwa mashambani na majumbani, na misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868 iliwapokea waliokombolewa. Hata hivyo, bandari ya bara iliyoongoza kwa kupeleka watumwa Zanzibar ilikuwa Kilwa, ambako misafara ilifika ikitokea upande wa Ziwa Nyasa. Bagamoyo ilistawi zaidi kwa pembe za ndovu kutoka Tabora na Ujiji. Wengi wa waliozibeba walikuwa wapagazi huru, hasa Wanyamwezi, waliopatana ujira wao na kurudi bara na mizigo ya nguo, ushanga na waya. Mwanahistoria Stephen Rockel aliandika habari zao mwaka 2006. Mwaka 2013 Steven Fabian alilinganisha Bagamoyo na kisiwa cha Gorée, Senegal, ambacho sifa yake kama kituo cha watumwa nayo imezidi wingi wa waliopitishwa hapo.

Kwa nini inaaminika. Jina la mji husimuliwa kuwa kilio cha mtumwa anayebwaga moyo akiiacha nchi yake. Yapo pia maelezo kwamba ni faraja ya mpagazi anayetua mzigo baada ya miezi njiani. Maelezo ya kwanza huchoma moyo, kwa hiyo msikilizaji huyapokea bila kudai uthibitisho. Anayeuliza maswali huonekana kana kwamba anadharau mateso yenyewe.

Athari. Imani hii inawafuta wapagazi, kwa kuwa kila aliyebeba pembe hugeuzwa mtumwa, na ujuzi wake, mapatano yake na hata migomo yake husahaulika. Inawadhulumu pia waliopitishwa Kilwa, kwa kuwa msiba wao unakumbukwa mahali pengine. Ukubwa wa uchungu hauonyeshi ni wangapi walipita wapi. Hilo hutafutwa katika hesabu za forodha, barua za mabalozi na kumbukumbu za misheni. Kuwatendea haki wahanga ni kusema kwa usahihi yaliyowapata na mahali yalipowapata.