Katharine Hepburn, Kutoka Hartford Hadi Butiaba

Babu yangu alikuwa mvuvi katika Ziwa Albert ujanani mwake, na alipenda kutusimulia habari za Wazungu waliokuja Butiaba wakawa wanarudia jambo lile lile siku nzima mbele ya mashine. Sisi wajukuu tulimcheka. Nilipofika chuo kikuu ndipo nilipogundua kwamba mzee alisema kweli: mwaka 1951 sehemu ya filamu ya The African Queen ilirekodiwa Butiaba, na sehemu nyingine kando ya mto Ruiki nchini Kongo. Mwigizaji mkuu wa kike alikuwa Katharine Hepburn, na ndiye ninayemchunguza katika insha hii.

Hepburn alizaliwa tarehe 12 Mei 1907 katika mji wa Hartford, Connecticut, Marekani. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake alipigania haki ya wanawake kupiga kura, na baadaye uzazi wa mpango. Mtoto wa nyumba kama hiyo hafundishwi kunyamaza. Alihitimu chuo cha Bryn Mawr mwaka 1928, akaingia jukwaani, kisha akaenda Hollywood. Morning Glory ya 1933 ilimpa tuzo yake ya kwanza ya Oscar.

Wengi wanaomwandika hukimbilia kutaja Oscar zake 4, idadi ambayo hakuna mwigizaji mwingine aliyeifikia kwa uigizaji. Kwangu mimi mwaka 1938 una uzito zaidi. Mwaka huo wenye majumba ya sinema walitoa tangazo wakiwataja waigizaji ambao, kwa maoni yao, walikuwa sumu kwa mauzo ya tiketi. Jina lake lilikuwamo, pamoja na la Greta Garbo na la Joan Crawford. Tukumbuke kwamba waigizaji wa enzi hiyo walifungwa na mikataba ya kampuni. Kampuni ndiyo iliyoamua uigize nini, na ukikataa ulisimamishwa bila mshahara. Hepburn aliilipa RKO ili auvunje mkataba wake, akarudi jukwaani.

Huko alicheza The Philadelphia Story ya Philip Barry, iliyoanza Broadway mwaka 1939. Badala ya mshahara alikubali sehemu ya faida. Howard Hughes alimnunulia haki za kuufanya mchezo huo filamu, na MGM walipoutaka walilazimika kumchukua na yeye, tena akiwa na sauti katika kuchagua mwongozaji na waigizaji wenzake. Filamu ilitoka mwaka 1940 ikapendwa sana. Nilipowasilisha hoja hii darasani, mwenzangu mmoja alisema kwamba huo ni uhuru wa mwenye rafiki tajiri. Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli bila Hughes mambo yangekuwa magumu, lakini mkataba wa RKO aliuvunja mwenyewe, wakati ambapo hakuna aliyemhitaji.

Filamu zake 9 na Spencer Tracy zinajulikana vya kutosha, kwa hiyo nirudi kwetu. Katika The African Queen yeye ni Rose, dada wa mmisionari katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914. Aliugua kuhara damu wakati wa kurekodi, lakini alimaliza kazi. Ameigiza vizuri sana, siwezi kukana. Lakini watu weusi tunawaona mwanzoni wakiimba kanisani wimbo wasioumudu, kijiji chao kinachomwa moto, kisha wanabaki Wazungu wawili na mto. Katika vita halisi vya Ziwa Tanganyika, boti za Waingereza zilivutwa kupita Katanga kwa nguvu za vibarua Waafrika, na meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ndiyo hiyo iliyokuja kuitwa Liemba.

Mwaka 1987 Hepburn alichapisha kitabu kuhusu kurekodi filamu hiyo. Kichwa chake ni kirefu, na kinawataja Bogart, Bacall na Huston. Babu hakukiona. Alichokumbuka yeye ni mwanamke mwembamba mwenye kofia kubwa, aliyekataa kukaa kivulini wenzake walipopumzika.