Tuzo za Uandishi wa Kiswahili na Mwanatamthiliya wa Kilosa

Tuzo za uandishi wa Kiswahili zilianza kama mashindano ya kutafuta miswada. East African Literature Bureau, iliyoundwa mwaka 1948, ilihitaji vitabu vya kusomwa na watu waliokwisha kujua kusoma, na njia mojawapo ya kuvipata ikawa kuwashindanisha waandishi. Katika shindano lake la hadithi la mwaka 1957–58, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitwaa zawadi ya kwanza kwa Mzimu wa Watu wa Kale. Kitabu kilitoka mwaka 1960, na pamoja nacho akatoka Bwana Msa, mpelelezi aliyewafungulia njia wapelelezi wengi wa riwaya zilizofuata. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya tuzo: kuutoa mswada kabatini ukawafikia wasomaji. Fedha huisha, kitabu hubaki.

Baada ya uhuru, Kenya ilianzisha Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Tanzania, yenye waandishi wazito, ilikaa miaka mingi bila tuzo ya taifa inayolingana nao.

Mmoja wa waandishi hao ni Penina Muhando, ambaye baadaye alijulikana kama Profesa Penina Mlama. Alizaliwa mwaka 1948 Berega, katika Wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, wilaya ileile yenye kata ya Msowero. Hatia ilichapishwa mwaka 1972, ikafuatwa na Tambueni Haki Zetu, Heshima Yangu na Pambo, kisha Nguzo Mama na Lina Ubani katika miaka ya 1980. Tamthiliya hizo zilisomwa madarasani na kuigizwa jukwaani wakati hakuna hundi iliyokuwa ikimsubiri mwandishi.

Kwa upande wa habari, Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1995, lilianza pamoja na washirika wake kutoa Tuzo za Umahiri wa Uandishi wa Habari, maarufu kama EJAT, mwaka 2009. Makundi yake yamegusa kilimo, afya, mazingira na jinsia. Ni uamuzi wa maana. Habari za Msowero, yaani mashamba, mifugo, maji na migogoro ya ardhi, haziandikwi vizuri na mtu aliyeketi Dar es Salaam. Zinamtaka mwandishi afunge safari ya barabara ya Dumila hadi Kilosa, awasikilize mkulima na mfugaji wote wawili.

Katika fasihi, mwaka 2015 ilitolewa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell. Anna Samwel Manyanza alishinda kwa riwaya ya Penzi la Damu, na Mohammed Ghassani kwa diwani ya N'na Kwetu.

Hatimaye ikaja Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wa kwanza walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Nyerere, aliyetafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare. Ilianza na riwaya na ushairi. Hadithi za watoto na tamthiliya ziliongezwa baadaye. Uenyekiti wa kamati yake alipewa Profesa Mlama. Pamoja na fedha, mshindi huahidiwa kuchapishiwa kazi yake na kusambaziwa shuleni, na kwa ahadi hiyo ndipo tuzo hii inapaswa kupimwa: kama vitabu vyake vimefika katika shule za Msowero na Berega.