MLS (Marekani)

MLS ni orodha ya pamoja ambamo madalali wa eneo moja la Marekani huingiza nyumba walizokabidhiwa kuuza, ili madalali wenzao walete wanunuzi. Ziko mamia, nyingi zikimilikiwa na vyama vya madalali vilivyo chini ya National Association of Realtors (NAR), chama kilichoanzishwa Chicago mwaka 1908.

Mgongano wa maslahi ulijengwa ndani ya orodha yenyewe. Kamisheni, kwa kawaida asilimia 5 hadi 6 ya bei, ilitoka kwa muuzaji, kisha dalali wake akammegea dalali wa mnunuzi. Kiasi cha mgawo kiliandikwa humo, na kwa miaka mingi mnunuzi hakuonyeshwa. Dalali aliweza basi kuzipita nyumba zenye mgawo mdogo bila mteja wake kujua. Tena bei ikipanda, ujira wa anayepaswa kumtetea mnunuzi nao hupanda. Muuzaji pia hasalimiki: utafiti wa Steven Levitt na Chad Syverson, uliochapishwa 2008, ulionyesha kuwa nyumba zao wenyewe madalali huziuza kwa takriban asilimia 3.7 zaidi, wakisubiri sokoni siku 9.5 zaidi.

Oktoba 2023, juri la Missouri liliamua kuwa NAR na kampuni kadhaa za udalali zilikula njama kupandisha kamisheni. Machi 2024 NAR ilikubali kulipa dola milioni 418. Tangu 17 Agosti 2024 mgawo hautajwi ndani ya MLS, ingawa kuujadili nje ya orodha bado kunaruhusiwa.