Misikiti Miwili ya Mwaka 1889

Mgeni aendaye Uingereza kutazama majengo ya kale huonyeshwa ngome, makanisa makuu, na magofu ya nyumba za watawa zilizofungwa kwa amri ya Mfalme Henry wa Nane katika karne ya 16. Habari za majengo hayo zimeandikwa katika vitabu vingi. Lakini katika nchi hiyo hiyo yako majengo mengine, madogo kwa kimo na machanga kwa umri, ambayo habari zake zinawahusu Waislamu wa kila mahali. Miongoni mwake ni misikiti miwili iliyofunguliwa katika mwaka mmoja, yaani 1889. Mmoja uko katika mji wa Woking, kusini-magharibi ya London, na wa pili katika mji wa bandari wa Liverpool. Yote miwili ilianzishwa kwa nia njema, na yote ilipata fedha za watu wakarimu. Hata hivyo haikutimia miaka 20 ila yote miwili ilikuwa imefungwa. Sababu ya kufungwa kwake yafaa izingatiwe na kila jumuiya yenye nyumba ya ibada.

Msikiti wa Woking haukuanzishwa na Mwislamu. Aliyeuanzisha ni Dokta Gottlieb Wilhelm Leitner, mwanachuoni aliyezaliwa mwaka 1840 katika nchi ya Hungaria, katika ukoo wa Kiyahudi. Alisoma Istanbul utotoni, akajua lugha nyingi, na alikuwa bado kijana alipofundisha Kiarabu na sheria ya Kiislamu katika Chuo cha King's huko London. Kisha akapelekwa Lahore kuwa mkuu wa Chuo cha Serikali, na alikuwa miongoni mwa waliofanya bidii hata kikapatikana Chuo Kikuu cha Punjab mwaka 1882. Aliporudi Uingereza alinunua jumba kubwa la Woking lililojengwa kuwa makao ya wachezaji wa maigizo waliozeeka, akaligeuza kuwa chuo cha elimu za Mashariki. Kwa kuwa baadhi ya wageni wake walikuwa Waislamu, aliona haifai wakose mahali pa kuswali.

Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa Shah Jahan Begum, mwanamke aliyetawala Bhopal huko Bara Hindi tangu mwaka 1868 hata 1901. Huyu si yule Mfalme Shah Jahan wa kale aliyejenga Taj Mahal, ingawa majina yanafanana. Mchoro ulifanywa na William Isaac Chambers. Ukajengwa msikiti mdogo wenye kuba moja na vijinara vyembamba, mzuri mno wa kutazamwa, katikati ya miti ya misonobari. Huo ndio msikiti wa kwanza uliojengwa makusudi kuwa msikiti katika nchi ya Uingereza.

Leitner alifariki dunia mwaka 1899. Chuo chake kikafa pamoja naye, na msikiti ukafungwa. Kwa muda wa miaka zaidi ya kumi kuba ilisimama pale pale, lakini haikusikiwa adhana chini yake. Ardhi yote ilikuwa mali ya Leitner, na kwa hivyo ikawa mirathi ya warithi wake, nao wakataka kuiuza. Jumba la chuo lililokuwa karibu likawa kiwanda cha kuundia ndege, na leo halipo tena. Msikiti nao ulikuwa karibu kwenda njia hiyo hiyo.

Mwaka 1912 alifika Uingereza wakili mmoja kutoka Lahore, Khwaja Kamal-ud-Din. Aliposhika habari za msikiti ule alitoa hoja nyepesi kufahamika: kama kanisa lililokwisha kuwekwa kwa ibada haliuzwi kama ghala, msikiti nao usiuzwe. Akasaidiwa na watu wenye heshima, mmoja wao Syed Ameer Ali, jaji wa Kihindi aliyekuwa katika baraza kuu la rufani la Dola ya Kiingereza. Mwisho wake msikiti uliwekwa mikononi mwa wadhamini, na mwaka 1913 ukawa unaswaliwa tena. Tangu hapo mikono iliyouhudumia ilibadilika mara nyingi, lakini haukurudi tena kuwa mirathi ya mtu. Mwaka 2018 serikali iliuandika katika daraja la kwanza la majengo yanayohifadhiwa kwa sheria.

Ama msikiti wa Liverpool una kisa kingine. Mwenye kuuanzisha alikuwa wakili wa mji huo, William Henry Quilliam, aliyezaliwa mwaka 1856. Alisafiri Moroko kwa ajili ya afya yake, akauona Uislamu kwa watu wake, akasilimu, akajiita Abdullah. Alianza na kikundi kidogo katika chumba cha kupanga, na baadaye wakahamia nyumba namba 8, Brougham Terrace. Siku ya Krismasi ya mwaka 1889 waliwafungulia milango watoto maskini wa mjini, wakawapa chakula. Jirani si wote waliopendezwa, na ilitokea muadhini kurushiwa mawe na matope. Lakini jamaa haikuvunjika. Ilikuwa na gazeti lake, ilikuwa na shule, na ikafungua nyumba ya kulelea watoto wasio na wazee. Waingereza waliosilimu kwa mkono wa Quilliam walihesabika kwa mamia.

Habari zake zikafika mbali. Mwaka 1894 Sultani Abdul Hamid wa Pili alimpa cheo cha Sheikh-ul-Islam wa Visiwa vya Uingereza, na mwaka huo huo akamtuma Lagos, Afrika ya Magharibi, kumwakilisha katika kufunguliwa kwa msikiti wa tajiri Mohammed Shitta. Mwaka 1895 Nasrullah Khan, mwana wa Amiri wa Afghanistan, alitoa pauni 2,500, na kwa fedha hizo nyumba za Brougham Terrace zikanunuliwa.

Basi nyumba ilikuwapo, fedha zilikuwapo, na jamaa ilikuwapo. Lakini kila kitu kilimtegemea mtu mmoja. Mwaka 1908 Quilliam aliondoka Liverpool, na baada yake mwanawe akaiachilia mali ile. Jamaa ikatawanyika, gazeti likakoma, na nyumba ikawa ofisi ya kuandikishia vizazi, ndoa na vifo. Kwa miaka mingi watu waliingia na kutoka kwa shughuli zao pasipo kujua kwamba hapo palisimamishwa swala. Quilliam mwenyewe alirudi Uingereza kwa jina jingine, akafariki mwaka 1932, akazikwa Brookwood karibu na Woking, katika kaburi lisilo na alama. Ilipita zaidi ya miaka 100 ndipo Waislamu wa Liverpool walipoitengeneza nyumba ile, na mwaka 2014 ikaswaliwa tena.

Wanasheria wa Kiislamu hawakungoja kisa cha Liverpool ili waijue hatari hii. Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipopata shamba la Khaibar alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, alifanyeje. Akaelekezwa kwamba asili ya mali izuiliwe na manufaa yake yatolewe sadaka, nalo shamba lisiuzwe, lisirithiwe, wala lisitolewe zawadi. Hiyo ndiyo maana ya wakfu. Mtoaji hutoka katika mali yake yungali hai, ili mauti yake yasiwe mauti ya sadaka yake. Leitner hakuwa na sababu ya kulitenda hilo, kwani hakuwa katika dini hiyo. Quilliam aliijua dini na aliijua sheria ya nchi yake, na kazi yake ilikuwa kubwa kupita ya Leitner. Hata hivyo nyumba iliyowekwa mikononi mwa wadhamini ilibaki, na iliyobaki mikononi mwa mtu ilipotea kwa karne nzima.

Wajengao hupenda kuhesabu matofali, mabati na michango, na ni haki yao, kwa maana vitu hivyo vimetoka jasho. Lakini iko karatasi moja isiyoonekana na apitaye njiani, nayo ni hati. Imeandikwa kwa jina la nani? Wadhamini ni akina nani, na wakifa watashika nani mahali pao? Maswali haya huona haya mtu kuyauliza wakati mwenyekiti yu hai na watu wanapendana. Lakini huo ndio wakati wake, kwa sababu baada ya mazishi yanakuwa si maswali tena, bali ni mashitaka.