Mabehewa Yaliyolea Eastlands na Ndugu Zake wa Mkebe

Kichwa cha treni hupewa jina, behewa la mizigo huambulia nambari. Vichwa 34 vya aina ya Garratt ambavyo reli ya Afrika Mashariki iliagiza kwa Beyer, Peacock wa Manchester, vikaingia kazini mwaka 1955 na 1956, viliitwa kwa milima ya kwetu. Viwili kati yake, Mount Gelai na Mount Shengena, vipo hadi leo katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Wapenzi wa treni husafiri kutoka Ulaya kuja kuvipiga picha, na hawakosei, maana katika reli ya upana wa mita moja dunia haijapata kuona kichwa cha mvuke kikubwa kuliko hivyo. Ila ukubwa wote ule ulikuwa na kazi moja: kuvuta tani 1,200 za shehena kutoka Mombasa kupanda bara. Mabehewa yaliyoibeba shehena yenyewe yamesahaulika.

Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, haina sababu ya kuyasahau. Reli ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, na mji ukaota kandokando ya karakana na yadi ya kupangia mabehewa. Walioyaunganisha, walioyatia grisi, waliopakia na kupakua, walihitaji pa kulala. Ndiyo asili ya nyumba za reli za Muthurwa na Landhies, na baadaye Makongeni. Katika mitaa hiyo mtoto alijua treni ya mizigo inaingia kabla hajaiona, kwa ule mgongano wa chuma unaokimbia kutoka behewa hadi behewa kichwa kinapofunga breki.

Si ajabu, basi, kwamba mabehewa madogo yaliundwa hapa bila mtu kuyanunua dukani. Mkebe wa sardini ulitosha kuwa behewa la wazi. Unatoboa mashimo manne kwa msumari, mawili kila ubavu, unapitisha waya wa hanga kuwa ekseli, kisha unatia magurudumu ya vizibo vya soda. Kizibo kilikuwa na ila yake: ukingo wake wenye meno huparuza sakafu na hupinda upesi, kwa hiyo mafundi wakubwa, wa miaka kumi hivi, walikata magurudumu kwa wembe kutoka soli ya slipas kuukuu. Mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo ukilazwa ubavu ni behewa la mafuta, tayari kabisa. Ndoana ya waya mbele, kitanzi nyuma, na treni inarefuka kadiri mama wa mtaa wanavyopika. Siku hizi Kimbo huja katika plastiki, na plastiki haishiki waya vizuri.

Huko kwingine duniani mchezo huo ulikuwa biashara zamani. Märklin ya Ujerumani ilionyesha seti za treni na reli zake katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1891. Miaka kumi baadaye, New York, Joshua Lionel Cowen aliunda kitoroli cha mbao chenye mota, kizunguke dirishani mwa duka kikiwa kimebeba bidhaa ili kuvuta macho ya wapita njia. Wateja wakakitaka chenyewe. Kampuni ya Lionel, mojawapo ya majina makubwa kabisa katika treni za kuchezea, ilianza kwa behewa la mizigo lisilo na kichwa. Hilo hunifurahisha sana.

Wakusanyaji wa leo hupendelea kipimo cha 1 kwa 87, au 1 kwa 160 kwa wenye nyumba ndogo. Kontena la futi 20 katika kipimo hiki cha pili linabaki na urefu wa sentimita 3.8, fupi kuliko kiberiti. Hapo Mkenya anakutana na kichekesho. Upana wa reli mpya ya SGR, milimita 1,435, ukigawanywa kwa 87 unatoa 16.5, na huo ndio upana wa reli ya kuchezea inayouzwa kwa wingi kuliko zote. Reli yetu ya zamani, ile ya mita moja, inatoa kama 11.5, na mtu hulazimika kutafuta reli ya milimita 12, ambayo ni adimu zaidi. Kwa hiyo treni iliyoanza juzi ina njia tayari mezani, na ile iliyojenga Nairobi haina.

Ningekuwa mkusanyaji, ningeanza na behewa la mafuta. Lilipungua sana na sababu yake inajulikana: bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978, na leo mtaa mzima huko Embakasi unaitwa Pipeline. La pili lingekuwa behewa bapa la kontena, maana bandari kavu ya Embakasi ilifunguliwa mwaka 1984 na biashara ya magunia ikahamia ndani ya masanduku ya chuma. Kuanzia Januari 2018 SGR nayo ikaanza kuyaleta makontena hayo hayo Embakasi. Mabehewa matatu au manne tu kwenye rafu, na historia ya upande wa mashariki wa jiji iko mbele yako.

Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yanalo behewa moja maarufu, lakini ni la abiria: lile ambamo simba alimkamata afisa wa polisi Charles Ryall pale Kima mwezi Juni 1900. Inaonekana behewa likitaka kukumbukwa ni lazima mtu aliwe ndani yake. Ya mizigo mwisho wake ni kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Huenda familia zilizoishi Makongeni na Muthurwa zingali na picha za yadi, vibao vya nambari, na vitabu vya kazi vya wazee waliostaafu. Kabla havijatupwa wakati wa kuhama nyumba, vipelekeni makumbusho. Na fundi wa Kamukunji anayekunja bati kuwa sanduku la mwanafunzi anaweza kuunda behewa kwa kipimo sahihi, ilmradi apate mchoro na mteja.