Mbwa wa Kazi, Nyumba za Kazi

Jina Signal alipewa na Kuka, siku ile ile alipofika kwetu Makongeni. Senje alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika nyumba moja ya Lavington. Waajiri wake wakaamua kurudi kwao Ulaya. Fanicha ikauzwa, gari likauzwa, mbwa akabaki. Hakuna aliyemtaka, kwa hivyo Senje akampakia kwenye pikapu iliyokuwa inaleta friji mtaani.

Alikuwa mweupe mwenye madoa ya kahawia, miguu mirefu, masikio ya kuning'inia. Alikuwa pointa, ingawa sisi hatukujua hilo neno. Aliposhuka, njiwa akatua mbele ya mlango. Mbwa akasimama ghafla, akanyoosha mkia, akainua mguu mmoja wa mbele, akaganda. Sisi watoto tulidhani ameshikwa na ugonjwa.

Kuka, aliyestaafu kazi ya reli, alicheka mpaka akakohoa. "Huyu ni signal," akasema. "Angalieni mkono."

Kama hujawahi kuona signal za zamani za reli, ilikuwa nguzo ndefu yenye mkono wa chuma juu yake. Dereva wa treni aliangalia huo mkono umekaa vipi, akajua asimame au apite. Kuka alikuwa ameitazama hiyo mikono maisha yake yote. Sasa mmoja ulikuwa unapumua mbele ya mlango wake.

Baadaye nilisoma kwamba ile kuganda ndiyo kazi yenyewe. Kabla bunduki hazijaenea Ulaya, wawindaji wa ndege walitumia nyavu. Walihitaji mbwa atakayenusa ndege kwenye nyasi, asimame hapo bila kubweka wala kuruka, mpaka wao wafike na wavu. Mnyama yeyote anayewinda husita kidogo kabla ya kurukia windo. Paka wako hufanya hivyo kila siku. Watu walichagua mbwa waliosita kwa muda mrefu zaidi, wakawazalisha, kizazi baada ya kizazi. Waingereza wakapata pointa wao, Wajerumani wakapata wao wa manyoya mafupi, Wahungari wakapata vizsla. Wote ni mbwa wa kukimbia mashambani kutwa nzima. Hakuna aliyewatengeneza wakae ndani ya nyumba.

Walifika huku jinsi gani? Reli ilifika Nairobi 1899, na walowezi waliofuata walikuja na mbwa wao. Karen Blixen alikuwa na mbwa wakubwa wa kuwindia paa wa Skoti kwenye shamba lake chini ya Ngong. Wengine waliwafuata kwale na kanga. Lakini usidhani uwindaji wa mbwa ulianza na wao. Wakamba na Waokiek walikuwa wanawinda na mbwa kitambo. Kilichobadilika ni sheria. Mlowezi mwenye leseni aliitwa mwanamichezo. Mwafrika mwenye upinde na mbwa wake akaitwa jangili.

Kutoka hapo mbwa wa Nairobi akawa na sura mbili. Ndani ya geti alikuwa mtu wa familia, ana jina, analala kwa zulia. Nje ya geti kulikuwa na kibao: MBWA KALI. Kwa Kiswahili, kwa sababu ujumbe ulikuwa wetu. Wakati wa Hali ya Hatari, jeshi na polisi walitumia mbwa wa kunusa nyayo kuwasaka Mau Mau kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Ongeza na kichaa cha mbwa, ambacho kilithibitishwa nchini mara ya kwanza 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Sasa unaelewa kwa nini mathe wako hukwambia usiguse.

Mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji. Pointa waliobaki kwenye nyumba za Lavington na Karen wakawa na damu ya kazi ambayo karibu hakuna mtu aliihitaji tena.

Sasa turudi Makongeni, kwa sababu nyumba yetu pia ilijengwa kwa kazi.

Shirika la reli lilijenga huu mtaa kwa ajili ya wafanyakazi wake Waafrika. Fikra ya serikali ya kikoloni ilikuwa kwamba Mwafrika hana kwao Nairobi. Anakuja, anafanya kazi, anarudi kijijini. Kipande chake, kilichoanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza, kilikaa kwenye kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni, na Wakikuyu wakakiita mbugi, kengele ya mbuzi. Mshahara ulipangwa kwa mtu mmoja, na nafasi ya kulala pia. Mpaka 1954 ndipo ripoti ya Kamati ya Carpenter ilipokiri wazi kwamba mishahara ya Waafrika ilikuwa inapimwa kwa kipimo cha mwanamume asiye na mke wala mtoto, ikapendekeza kipimo cha familia. Mwaka huo huo, Aprili 24, Operesheni Anvil ilianza. Askari waliufunga mji na kuwachuja maelfu kwa maelfu ya watu wa Eastlands kama mchele.

Kuka aliajiriwa miaka michache baada ya hapo. Kukhu alikuja kutoka Kakamega "kwa wiki mbili". Hakurudi. Akapanda sukuma nyuma ya nyumba, akaweka kuku, akazaa watoto watano. Hivyo ndivyo mahali pa kulala wafanyakazi palivyogeuka kuwa nyumbani. Hakukuwa na tangazo. Watu waliishi tu mpaka ikawa hivyo.

Na Signal alifanya vile vile, ila kwa fujo zaidi.

Wiki ya kwanza alikula slipa tatu na nusu ya mkeka. Kukhu akasema arudishwe. Arudishwe wapi? Kuka ndiye aliyegundua shida: mnyama ana mafuta ya treni na tumemweka kwenye siding. Tukaanza kumtoa saa kumi na moja asubuhi, kando ya reli kuelekea stesheni ya Makadara. Mimi na binamu yangu tulipokezana, kwa sababu mtu mmoja hangeweza. Tulikimbia na moshi wa Industrial Area puani, wasee wa kibarua wakitupita na kutucheka: "Nyinyi mnafukuzwa na nani?" Asipokimbia asubuhi, jioni mlilipa. Akikimbia, alilala chini ya meza kama gunia.

Kwa ulinzi alikuwa bure kabisa. Mwizi alikuja usiku akabeba sufuria, na nina hakika Signal alimlamba mkono. Lakini kwa kuku alikuwa ajabu. Aliganda mbele ya vifaranga vya Kukhu, mguu juu, robo saa nzima, na hakuwahi kugusa hata kimoja. Watoto wa laini yetu walikuwa wanaweka dau atashusha mguu saa ngapi. Kila mwaka tulimpeleka chanjo, na Kukhu aliitunza ile kadi pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa.

Kulikuwa na mzee wa laini ya nyuma aliyevuka barabara kila akimwona. Ujana wake aliupitishia Nyeri, na wakati wa Hali ya Hatari aliwahi kufukuzwa na mbwa wa askari mpaka mtoni. Hatukulijua hilo. Tuliona tu mzee anayechukia mbwa, na sisi watoto tulimcheka, jambo ambalo bado linaniuma. Siku moja Signal alikuwa ameganda mbele ya njiwa karibu na duka. Mzee akasimama ng'ambo ya njia, akatazama kwa muda. Njiwa akaruka. Signal akashusha mguu, akajikuna sikio.

"Huyu," mzee akamwambia Kuka, "hajatumwa."

Hakuwahi kumgusa, na hakuna aliyemwomba amguse. Lakini aliacha kuvuka barabara.

Signal alikufa kwa uzee, akiwa ameacha watoto nusu ya mtaa. Kuka alimfuata mwaka uliofuata. Tuliye naye sasa ni Tikiti, mjukuu wa Signal: mama yake ni wa kienyeji, masikio yamesimama, lakini mguu bado unapanda njiwa akitua.

Makongeni nayo imefika mwisho wa laini. Nyumba zilikuwa za reli, zikaenda kwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, na sasa ardhi imeingizwa kwenye mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Watu wameambiwa wahame. Wengine wanasema ni maendeleo na huenda ni kweli. Vyoo vyetu unavijua. Ila kwenye karatasi zote nilizosoma, tunaitwa "wapangaji". Miaka sitini na zaidi ya watu waliokuja kwa wiki mbili, na neno bado ni la mtu anayepita.

Jumamosi nilienda kuangalia flati Umoja, ghorofa ya nne. Keateka akanionyesha jiko, choo, tanki. Nikamwambia nina mbwa. Akakunja uso.

"Wa ulinzi?"

"Hapana."

"Wa kuzalisha, uuze?"

"Hapana."

"Sasa ni wa kazi gani?"

Nilifikiria kumweleza kuhusu nyavu, kwale, Lavington na mkono wa signal. Kisha nikamwambia ukweli mfupi: hana kazi, anaishi na sisi. Akasema ataongea na landilodi. Bado nangoja simu, na kesho saa kumi na moja asubuhi tutakimbia mpaka Makadara kama kawaida.