Bunduki ya Kale na Mpaka wa Jimbo: Historia ya Sheria Moja ya Marekani

Kununua silaha kwa njia ya posta kulikuwa jambo la kawaida nchini Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, kwani mkulima aliyehitaji bunduki ya kuwindia aliweza kuichagua katika katalogi ya Sears, Roebuck ya Chicago, akatuma fedha, kisha akaipokea bila ya muuzaji kumwona wala kumjua zaidi ya jina aliloliandika kwenye barua yake. Sheria zinazombana leo mtu anayetaka kumuuzia bunduki ya kale mkazi wa jimbo jingine zimetokana na hofu ya umbali huo baina ya watu wasiojuana, wala hazikutungwa kwa sababu ya bunduki za kale. Ndiyo maana silaha kuukuu zinatajwa ndani yake kama msamaha uliochongwa kando ya katazo kubwa.

Mpaka wa jimbo una uzito kwa sababu ya Katiba. Kila jimbo la Marekani hujitungia sheria zake za jinai, lakini Bunge la taifa, yaani Kongresi, ndilo lenye mamlaka juu ya posta na juu ya biashara inayovuka kutoka jimbo moja hadi jingine, kwa hiyo wabunge waliotaka kudhibiti silaha walianzia pale ambapo mkono wao ulifika bila ubishi. Mwaka 1927 Kongresi iliipiga marufuku posta kuwabebea raia bastola na silaha nyingine zinazoweza kufichwa mwilini, ingawa kampuni binafsi za kusafirisha mizigo hazikuguswa, na wauzaji waliendelea kuzitumia. Mwaka 1934 ulifuata ushuru wa dola 200 juu ya bunduki za rashasha na bunduki zenye mitutu iliyofupishwa, na mwaka 1938 wafanyabiashara waliosafirisha silaha baina ya majimbo walitakiwa kukata leseni, ambayo kwa muuzaji wa kawaida iligharimu dola 1 tu kwa mwaka.

Mambo yalibadilika baada ya Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Ulaya yalipouza akiba zao, na bunduki za Mauser, Lee-Enfield na Carcano zikamiminika Marekani kwa bei ya chini mno, zikitangazwa magazetini pamoja na kuponi ya kukata na kutuma. Thomas Dodd, seneta wa Connecticut, jimbo lenye viwanda vya Colt na Winchester, alianza mwaka 1961 kuichunguza biashara hiyo ya posta, na mnamo Agosti 1963 aliwasilisha muswada uliohusu bastola peke yake. Miezi mitano kabla ya hapo, Lee Harvey Oswald, akijiita A. Hidell, alikuwa ameagiza kutoka duka la Klein's la Chicago bunduki ya Carcano iliyotengenezwa Italia mwaka 1940, ikiwa na darubini yake, kwa dola 19.95 na dola 1.50 za ziada za usafirishaji zilizofikisha gharama yote dola 21.45, nayo ikapelekwa katika sanduku la posta mjini Dallas. Rais John Kennedy alipouawa kwa bunduki hiyo tarehe 22 Novemba 1963, Dodd aliupanua muswada wake ujumuishe bunduki ndefu, lakini ulikwama kwa karibu miaka mitano, hadi mauaji ya Martin Luther King na Robert Kennedy mwaka 1968 yalipouvunja upinzani, na Rais Lyndon Johnson akaitia saini Sheria ya Udhibiti wa Silaha tarehe 22 Oktoba mwaka huo.

Kiini cha sheria hiyo ni kwamba raia asiye na leseni haruhusiwi kumuuzia silaha raia mwenzake wa jimbo jingine moja kwa moja. Silaha sharti ipelekwe kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo la mnunuzi, ambaye humtambua mnunuzi, huandika habari zake katika daftari, kisha humkabidhi. Mahali palipokuwa na bahasha na kuponi pakawekwa mtu mwenye macho na kalamu, na huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote yaliyomo katika sheria hiyo.

Msamaha wa silaha za kale ndio wenye mafumbo. Silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake haihesabiwi kuwa silaha kwa mujibu wa sheria hiyo ya taifa, hivyo yaweza kuuzwa na kutumwa hadi jimbo jingine bila ya leseni, na magobore, yaani bunduki zinazoshindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, nayo yamesamehewa hata yakiwa mapya, mradi hayawezi kutumia risasi za kisasa. Mwaka 1898 unakaribia wakati ambapo baruti isiyotoa moshi ilikuwa ikichukua nafasi ya baruti nyeusi, lakini mpaka huo haukuzigawa silaha kwa ukali wake: bunduki ya Mauser ya mwaka 1895 hupiga mbali na kwa shabaha kama nyingi zilizoifuata. Tena umri hupimwa kwa kiunzi, yaani sehemu inayobeba mtambo wa kufyatulia, na si kwa mtutu wala kitako, kwa hiyo bunduki za Mosin-Nagant ambazo Finland ilizijenga upya wakati wa Vita Kuu ya Pili juu ya viunzi vya Kirusi vya miaka ya 1890 huhesabiwa kuwa za kale.

Zipo pia silaha za tunu, ambazo kwa kawaida ni zile zilizotimiza miaka 50 zikiwa katika hali yake ya asili, au zenye thamani kwa uadimu wake au kwa kuhusiana na mtu au tukio la kihistoria. Hizo hubaki chini ya sheria, ila mkusanyaji aliyekata leseni maalumu, ambayo mwanzoni ilikuwa dola 10 kwa mwaka, huweza kuzipokea kutoka jimbo jingine nyumbani kwake, kwa sharti kwamba aandike kila anachopokea na kutoa, na asiigeuze leseni hiyo kuwa ya biashara. Mpaka huu husogea kila mwaka, ilhali ule wa 1898 umesimama pale pale, na kwa sababu hiyo bunduki za Carcano za mwaka 1940 zimekwisha kuingia katika kundi linaloruhusiwa kumfikia mkusanyaji mlangoni.

Marekebisho ya mwaka 1986 yaliwaruhusu wauzaji wenye leseni kumuuzia mgeni kutoka jimbo jingine bunduki ndefu ana kwa ana, mradi sheria za majimbo yote mawili zinakubali, lakini hayakuilegeza kamba ya bastola. Sheria hizo za majimbo ndizo zinazowanasa wengi, kwa kuwa kitu kinachoitwa cha kale katika sheria ya taifa chaweza kuhitaji kibali katika jimbo kinakopelekwa. Urithi peke yake ulipewa njia pana zaidi: aliyeachiwa bunduki kwa wasia, au kwa kanuni za mirathi pale pasipo wasia, anaweza kuichukua kutoka jimbo la marehemu hadi kwake bila ya kumpitia muuzaji mwenye leseni, ikiwa sheria ya jimbo lake inamruhusu kuwa nayo.